Kuuza pikipiki mtu kwa mtu: anza na kadi
Unauza Boxer au TVS yako bila dalali? Kabla ya kuipeleka kuoshwa, toa kadi ya usajili uisome. Pikipiki nyingi hapa Tanzania zimepita mikono kadhaa huku kadi ikibaki na jina la mmiliki wa kwanza. Kama yako ni hivyo, mtafute huyo mtu sasa hivi, maana TRA (mamlaka ya mapato) huhamisha umiliki kutoka kwa aliyeandikwa kwenye kadi. Kama ni ya mkataba, yaani unamlipa bosi kidogo kidogo mpaka iwe yako, usiitangaze mpaka bosi aandike kwamba deni limeisha.

Linganisha namba za kwenye pikipiki na za kwenye kadi. Ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Ya injini ipo kwenye kasha lake, chini. Futa grisi usome tarakimu moja moja. Injini ikiwa ilibadilishwa na kadi haijarekebishwa, mnunuzi mjanja ataondoka, na asiye mjanja atarudi kukudai. Angalia pia faini za trafiki: deni linafuata namba ya usajili (ile ya MC), na mnunuzi anaweza kulisoma kwenye simu yake mkiwa bado mnapatana bei.

Usipashe injini moto kabla mnunuzi hajafika. Anayejua huanza kwa kugusa silinda. Akikuta joto, anahisi asubuhi huwa haiwaki. Iache iungurume dakika mbili, kisha piga resi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, kupitia ringi au sili za valvu. Litaje tatizo hilo mwenyewe, punguza bei. Kufungua injini ili uuze ni nadra kurudisha hela yote. Vidogo ndivyo vinavyolipa: oili mpya, plagi, taa, honi, cheni yenye mchezo wa sentimita 2 hadi 3. Na usiisugue injini kwa dizeli ing'ae. Fundi atajua kuna panapovuja.

Kujaribu barabarani: hela yote iwe mkononi mwako kwanza. Leseni pekee si dhamana, huenda ni ya bandia. SMS ya malipo nayo hughushiwa, kwa hiyo angalia salio lenyewe; kiasi kikubwa akiweke benki mbele yako.

Andikishianeni kwa wakili: majina, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), namba za chesisi na injini, bei, tarehe na saa. Kisha nendeni TRA pamoja, kila mmoja na TIN (namba ya mlipakodi) yake. "Nitabadilisha kesho" usiikubali. Ikigonga mtu jioni ileile, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi, na hiyo saa ya kwenye mkataba ndiyo utetezi wako.