Urefu wa nywele kwa uso wa duara
Dada yangu, umeuliza kama nywele zako za kipilipili uzikate zifike kidevuni au mabegani, kwa kuwa uso wako ni wa duara. Ningekushauri zisiishie kidevuni, kwa sababu ncha za nywele huvuta jicho mahali zinapokomea na kuongeza upana wa mashavu. Ziache zishuke inchi mbili au tatu zaidi. Muhimu kuliko yote, zikatwe zikiwa kavu, kwani nywele zetu hunywea sana zinapokauka, pengine kupita nusu ya urefu wake, na zikikatwa zimelowa utashtuka kuziona masikioni. Kabla ya mkasi, suka rasta za urefu huo, ukae nazo wiki mbili, ujitazame pamoja na shingo na mabega yako.