"Invaluable" ina thamani, na "inflammable" inawaka

Ndugu, umeuliza imekuwaje "invaluable" iwe kitu cha thamani kubwa, ilhali ulifundishwa kwamba "in-" hukanusha. Nimetafsiri kwa miaka mingi, na viambishi hivi vimenisumbua kuliko msamiati wowote mgumu.

Katika "invaluable" ukanushi upo kweli, ila kinachokanushwa ni kitenzi cha kukadiria: thamani yake haikadiriki. Kisicho na thamani ni "worthless".

"Inflammable" ndilo lililonitia aibu. Nikiwa mgeni kazini niliandika "kisichoshika moto" kwenye maelezo ya kimiminika cha kuondolea rangi. Mhakiki aliliona kabla ya kuchapwa. Hadi leo nikikumbuka mwili hunisisimka, maana mtu angeungua kwa kuniamini. Kilatini kina "in-" mbili: moja hukanusha, nyingine ina maana ya "ndani", na hii ya pili ndiyo iliyomo katika "inflammare", yaani kuwasha. Kwa hiyo "flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja. Katika karne ya 20 watu wa kinga ya moto walihimiza "flammable" itumike kwenye vibandiko, kwa kuhofia kosa kama langu. Kisichoshika moto ni "nonflammable".

Sasa "un-". Mbele ya sifa hukanusha: "unhappy", asiye na furaha. Mbele ya kitenzi mara nyingi hutengua: "untie", "unfold", "unlock". Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwani nacho kina kiambishi cha kutengua, ila hukaa mwishoni: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Kufungua si sawa na kutofunga. Mlango usiofungwa huenda haukuwahi kuguswa. Ndiyo maana "unlockable" ina maana mbili: kisichofungika kwa ufunguo, na kinachoweza kufunguliwa. Kiingereza kinaziacha zote mbili ndani ya neno moja. Mfasiri hana budi kuchagua, na muktadha tu ndio utakaomwongoza.

"Infamous" usiifanye "asiyejulikana". Anajulikana sana, kwa ubaya.

La mwisho ni "disinterested". Wengi, hata wenye lugha, hulitumia kwa maana ya "uninterested", yaani asiyevutiwa na jambo. Mimi bado nazitenganisha, hasa kwenye nyaraka za sheria: "disinterested judge" ni hakimu asiye na maslahi katika kesi. Ukiandika "hakimu asiyejali", umemtukana kwa sifa ambayo alipaswa kuheshimiwa nayo.