Dari ya gari la zamani haibandikwi kwenye bati

Kama una gari la zamani na kitambaa cha dari kimeanza kukugusa kichwani, muulize fundi swali moja kabla ya kumpa ufunguo: je, utatoa vioo? Akikwambia hakuna haja, kwamba atapaka gundi kwenye bati la paa na kubandika kitambaa kipya jioni hiyo hiyo, mshukuru na uende zako. Nimeshafungua magari yaliyofanyiwa hivyo, na kuyarudisha katika hali yake ni kazi kubwa kuliko kama yangeachwa na kitambaa kilichochanika.

Katika magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960, Volkswagen Beetle na Mini ya zamani zikiwemo, kitambaa cha dari hakigusi bati. Kinaning'inia. Upande wake wa juu kumeshonwa pindo ndefu, na ndani ya kila upindo hupita ufito mwembamba wa chuma uliokunjwa kama upinde, ambao ncha zake huingia kwenye matundu juu ya milango. Kisha kitambaa huvutwa pande zote na kugandishwa kwenye kingo za bati kuzunguka vioo na milango, na mipira ya vioo ikirudi inafunika kingo hizo. Umbo lile zuri la mviringo unaloliona ukikaa ndani linatokana na fito pamoja na mvuto wa kitambaa. Kati ya kitambaa na bati hubaki nafasi ya hewa, na nafasi hiyo ndiyo inayopunguza joto na kelele.

Ukibandika kitambaa kwenye bati, nafasi hiyo imekufa. Ndani ya gari lililofungwa juani joto huweza kufika nyuzi 60, na bati lenyewe huwa la moto zaidi. Gundi ya kawaida, ile ya njano ya mafundi viatu, hulegea katika joto hilo. Baada ya misimu michache unapata matumbo yanayoning'inia, safari hii yakiwa na gundi iliyoganda kila mahali, na fito za asili mara nyingi zimeshatupwa. Fito hizo si rahisi kuzipata dukani. Kila moja ina urefu na mkunjo wake.

Nitaeleza kazi kwa gari ninalolijua vizuri, Beetle ya mwaka 1967 ya mjomba wangu hapa Mombasa, ambayo mimi na yeye tuliivua na kuivisha upya. Gari hili lina heshima yake katika nchi yetu: mwaka 1962 dereva Tommy Fjastad alishinda Safari Rally akiendesha Volkswagen, na wazee wengi bado wanazizungumzia kwa fahari. Zile zilizobaki zinastahili kutunzwa kwa njia iliyo sahihi.

Kabla ya kununua chochote, ijue dari yako ilikuwaje. Beetle za mwanzo zilikuwa na kitambaa cha nguo, na kuanzia modeli ya 1963 zikawa na ngozi bandia yenye vitundu vidogo vidogo. Zenye paa la kufunguka zina mkato wake tofauti. Dari zilizokwisha kushonwa huuzwa Ulaya na Marekani kulingana na mwaka wa gari, kwa hiyo unapoagiza taja mwaka na useme kama paa linafunguka au la. Kama utashonesha hapa nyumbani, na hilo linawezekana kabisa, basi dari ya zamani ndiyo mchoro wako. Usiichane kwa hasira. Itoe nzima, iandike kwa kalamu mbele ni wapi na nyuma ni wapi, kisha fumua mishono yake kwa wembe polepole upate vipande. Ongeza nafasi ya kuvutia pembeni, upana wa kiganja kwa kila upande, maana ile ya zamani imesinyaa na kingo zake zimeliwa. Mwambie fundi cherehani atumie uzi wa poliesta. Uzi wa pamba huoza, hasa huku pwani, na mshono ukikatika juu ya ufito lazima ushushe dari nzima ili kuurekebisha.

Kuvua kunahitaji subira zaidi ya nguvu. Toa viti, maana utafanya kazi umelala chali muda mrefu. Toa taa ya ndani, kioo cha kutazama nyuma, vizuia jua, mikono ya kushikia, na mipira ya milango. Kisha vioo: cha mbele, cha nyuma na vya pembeni. Kama mpira wa kioo umekauka na kuwa mgumu, ukate kwa wembe upande wa nje, kioo kitoke bila kulazimishwa, na ununue mpira mpya. Kuhatarisha kioo cha zamani ili kuokoa mpira uliokwisha kufa hakuna maana. Vaa barakoa kabla ya kushusha dari. Vumbi litakalokuangukia ni la miongo kadhaa, na sufi iliyowekwa juu ya dari huwa imesagika kuwa unga.

Fito zitoe moja moja, na kila inapotoka ifunge karatasi yenye namba kuanzia mbele kwenda nyuma, pamoja na alama ya upande wa kushoto. Zipo zinazofanana kwa macho lakini zinapishana urefu kidogo tu. Ukizibadilisha, paa litakuwa na bonde mahali pasipotakiwa, na hutajua sababu mpaka umeshamaliza kugandisha. Piga picha matundu ya ncha zake pia. Fito zenye kutu zisugue kwa msasa na uzipake rangi, la sivyo kutu itajitokeza kwenye kitambaa kipya kama mstari wa kahawia.

Sasa gari liko uchi, na hapa ndipo watu wengi hukimbia. Mimi naomba ukae hapa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii, kwa sababu bati la paa kwa ndani hutaliona tena kwa miaka mingi. Huku pwani hewa ina chumvi, na mvuke unaoganda chini ya bati usiku hukaa kwenye sufi na kula chuma taratibu. Angalia hasa pembe za chini za ukingo wa kioo cha mbele na cha nyuma. Kutu ya pale haiondoki kwa kupakwa rangi juu yake. Kwangua kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, palipotoboka pachomelewe bati jipya, kisha paka praima na rangi. Fundi wa kuchomelea aje sasa, wakati hakuna kitambaa wala gundi ndani ya gari.

Rangi ikikauka, weka kinga ya joto. Chagua sponji nyembamba ya aina isiyonyonya maji, yenye gundi yake mgongoni. Magodoro yaliyokatwakatwa, ambayo nimeyakuta kwenye zaidi ya gari moja, hunyonya mvuke na kurudisha kutu mlangoni kwako. Isiwe nene kiasi cha kugusa fito. Kisha pitisha nyaya: ya taa ya ndani, ya antena, na ya spika kama unapanga kuziweka siku za usoni. Wasiliana na fundi umeme wako mapema, maana dari ikishafungwa hakuna njia ya kuupitisha waya bila kuacha alama.

Kabla ya kitambaa kupanda, chomeka skrubu fupi au kijiti katika kila tundu la vizuia jua, kioo cha kutazama nyuma na mikono ya kushikia. Ukipapasa kitambaa kilichokwisha kuvutwa utavihisi kwa kidole. Bila hivyo utakuwa unatoboa kwa kubahatisha, na tundu lililokosewa kwenye ngozi bandia halizibiki.

Siku ya kuvisha, jua la Mombasa ni msaidizi na ni adui. Ngozi bandia ianike kwanza juani mpaka mikunjo ya boksi ifunguke na iwe laini. Ikiwa ya moto inavutika, ikipoa inakaza yenyewe. Lakini gundi ipake asubuhi na mapema au jioni, gari likiwa kivulini, kwa sababu katikati ya mchana hukauka kabla hujaweka mkono. Tafuta gundi ambayo kopo lake limeandikwa kuwa inastahimili nyuzi 80 au zaidi. Milango iwe wazi, pasiwe na sigara wala moto karibu, na upumzike nje kila unapohisi kichwa kizito.

Ingiza fito zote kwenye pindo zake nje ya gari, ukifuata namba, huku ukihakikisha mstari wa katikati ya kitambaa uko katikati ya ufito. Punguza ncha za upindo kidogo ili chuma kipate kuingia kwenye tundu lake. Kisha mwite mwenzako, maana mtu mmoja hatoshi. Anzeni na ufito mmoja, halafu unaofuata, hadi dari yote ining'inie kama shuka. Itaonekana mbaya sana. Hiyo ni kawaida.

Kuvuta kuna mpangilio wake. Anza katikati ya ukingo wa kioo cha mbele: bana kwa vibanio vya karatasi vile vyeusi vya chuma, usipake gundi bado. Nenda katikati ya nyuma, vuta, bana. Rudi mbele, sogea inchi chache kulia na kushoto, kisha nyuma vivyo hivyo. Mbele na nyuma vikishakaa, ingia ubavuni, na hapo vuta kwanza mahali penye mishono, kwa sababu mshono ndio unaofuata ufito, na mshono ukipinda jicho la kila abiria litauona. Aliyewahi kukaza kitanda cha kamba anajua: unazunguka kidogo kidogo, na kila raundi inapunguza ulegevu wa raundi iliyopita. Anayetaka kumaliza kona moja kwanza huishia kuifungua tena.

Mkunjo wenyewe hukwambia unataka nini. Mkunjo ukilala kutoka mlango hadi mlango, vuta kuelekea mbele au nyuma. Ukilala kutoka mbele kwenda nyuma, vuta ubavuni. Ukienda mshazari, fuata kona iliyo mkabala nao. Penye ukingo wa mviringo kata vipande vidogo vya umbo la V kwenye sehemu itakayofichwa na mpira, na mkasi usifike kabisa pale panapoonekana. Kisha liache gari na vibanio vyake usiku kucha. Asubuhi utakuta kitambaa kimelegea mahali fulani. Kaza tena, ndipo upake gundi. Paka kwenye ukingo wa bati na kwenye kitambaa pia, subiri hadi ukigusa kidole kisichafuke, halafu ubane. Ukibana ikiwa mbichi itateleza.

Vimikunjo vidogo vitakavyobaki kwenye ngozi bandia, vipitishie mashine ya kukaushia nywele ukiwa unaisogeza muda wote. Kwa kitambaa cha nguo tumia mvuke wa pasi, bila kugusisha pasi yenyewe.

Kama gari lako ni la baadaye kidogo na dari yake ni ubao mmoja uliofunikwa kitambaa chenye sponji, kazi ni nyingine na ni nyepesi zaidi. Hapo kinachokufa ni sponji, ambayo joto na unyevu huigeuza unga. Toa ubao wote nje, sugua unga huo mpaka uishe kabisa, kisha bandika kitambaa kipya nusu kwa nusu. Anayebandika juu ya unga wa zamani anabandika kwenye vumbi.

Mkirudi kwenye vioo, kamba nyembamba huzungushwa ndani ya mfereji wa mpira, mpira ukapakwa maji ya sabuni, kioo kikakaa mahali pake kwa nje, na mtu wa ndani akaivuta kamba taratibu huku wa nje akisukuma kwa viganja. Kabla ya hapo punguza kitambaa kilichozidi kwenye ukingo, maana kikijikusanya chini ya mpira maji yatapata njia. Kisha mwaga maji juu ya paa kwa mpira wa bustani, mwenzako akiwa ndani na tochi. Fanya hivyo kabla ya kurudisha viti na mazulia. Sisi tulipata tone moja kwenye kona ya kioo cha nyuma, tukaliziba siku hiyo hiyo.

Mabaki ya kitambaa yahifadhi pakavu. Vizuia jua vya zamani huchakaa baada ya dari, na kipande cha rangi ile ile hutakipata tena dukani.