Kabla hujaandika skripti ya kubadilisha majina katika programu nzima

Assalamu alaykum. Ndugu yetu aliyefungua uzi huu anasema amerithi programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, yenye klasi nyingi (mafungu ya msimbo, yaani ya maandishi ya programu) zenye majina yasiyoeleweka, na anakusudia kuandika skripti itakayotafuta kila jina la zamani na kuweka jipya katika mafaili yote kwa mkupuo mmoja. Namuomba asianze hivyo, kwa sababu mimi nilianza hivyo hivyo.

Programu yangu ilikuwa ya duka la jumla la ami yangu hapa Chake Chake, linalouza mchele, unga na sukari na kupeleka mizigo kwa wateja kwa gari. Klasi ya Mzigo ilikuwa na kigeu (jina linaloshika thamani) kilichoitwa kilo, nami nikaona uzito ni jina linalofaa zaidi, kwa kuwa viungo tulikuwa tumeanza kuvipima kwa gramu. Skripti ilimaliza kazi kwa sekunde chache na kompaila, inayoutafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta, haikulalamika hata kidogo. Asubuhi yake mteja wa Wete alirudi dukani na stakabadhi mkononi, akauliza "uzitometa" ni kitu gani. Neno kilometa, lililokuwemo katika maandishi ya gharama za usafiri, lilikuwa limeliwa nusu, na kompaila haina habari na maana ya maneno yaliyomo ndani ya alama za mtajo.

Zana za kupanga upya msimbo bila ya kubadilisha tabia ya programu (refactoring), zilizomo ndani ya IntelliJ IDEA au Eclipse, ambazo ni programu za kuandikia msimbo, hazifanyi kazi kwa kulinganisha herufi. Kwanza huuchanganua msimbo na kuujenga kuwa mti wa sintaksia, yaani mchoro wa muundo wake, kisha hufuatilia kila jina hadi mahali lilipotangazwa, kwa hiyo hujua kwamba kilo hii ni ya Mzigo na kilo ile ni kigeu cha ndani ya methodi (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) nyingine isiyohusika. Fikra yenyewe ni ya zamani. William Opdyke aliiandikia tasnifu katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1992, akaonesha kwamba kila badiliko lina masharti ambayo ni lazima yatimie kwanza ili tabia ya programu ibakie vile vile. Na hapo hapo Illinois, John Brant na Don Roberts wakatengeneza Refactoring Browser, zana ya kazi hiyo kwa lugha ya Smalltalk. Masharti hayo ndiyo kiini cha kazi yote. Ukitaka kuiita methodi yako thamani, na klasi mama tayari inayo thamani yenye vigezo (vitu inavyopewa inapoitwa) vile vile, zana hukuonya, kwani bila ya kukusudia ungekuwa umeifunika ya mama. Ukichagua mistari kumi ili iwe methodi ya peke yake, zana huhesabu ni vigeu gani vinavyosomwa ndani ya mistari hiyo, ambavyo vitakuwa vigezo, na ni kipi kinachobadilishwa humo na kuhitajika baadaye, ambacho kitarejeshwa. Vikiwa viwili, kwa kawaida hukataa, maana methodi ya Java hurejesha thamani moja tu. Mimi nilikuwa nikichukizwa na ukataaji huo, lakini sasa nauona kuwa ni dalili kwamba mistari ile inafanya kazi mbili.

Hata hivyo, zana nayo ina upofu wake. Nilibadilisha kigeu jumla kikawa jumlaKuu, kwa zana na kwa uangalifu wote, na ankara za zamani zilizohifadhiwa kwa JSON (maandishi yenye majina na thamani zake) zikafunguka zote zikiwa na jumla ya sifuri. Maktaba ya Gson, iliyokuwa ikizifungua, husoma majina ya vigeu wakati programu inapoendeshwa. Isipolikuta jumlaKuu ndani ya faili hukiacha kigeu na thamani yake ya mwanzo, wala haitoi kosa. Nilitibu kwa kuandika @SerializedName("jumla") juu ya kigeu, na tangu hapo, kabla ya kugusa jina lolote, hulitafuta kwanza ndani ya maandishi, violezo na maswali ya hifadhidata.

Kwa mabadiliko yanayojirudia mahali pengi, andika kanuni ya muundo. Mimi niliiagiza IntelliJ itafute $x$.getUzito() * $x$.getBei() na iweke $x$.thamani() mahali pake, ambapo $x$ lazima iwe usemi ule ule pande zote mbili. Ilifanya kazi vizuri isipokuwa pahala pamoja tu, ambapo $x$ ilikuwa foleni.chukua(). Kwa kuwa chukua() iliandikwa mara mbili, msimbo wa zamani ulikuwa ukichukua mizigo miwili kutoka kwenye foleni na kuzidisha uzito wa mmoja kwa bei ya mwengine. Mpya ukawa unachukua mmoja tu. Kwa hakika msimbo wa zamani ndio uliokuwa na kosa, na ami alikuwa amekwisha kulalamika kwamba hesabu za jioni hazilingani, lakini badiliko lililokusudiwa kutogusa tabia ya programu lilikuwa limeigusa, nami nililigundua kwa bahati tu, kwa kuwa nilikuwa nikihifadhi kila hatua peke yake katika Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, na kuusoma kila mstari uliobadilika.