Krimu ya alovera inajitenga na kunuka: kosa liko wapi?

Swali: Nywele zangu ni za kipilipili, zile wanazoziita 4C. Nasaga ute wa alovera mbichi, nachanganya na mafuta ya nazi na ya mbarika, kisha natia matone ya vitamini E ili isiharibike. Siku ya tano krimu imejitenga, inanuka, na nywele bado kavu. Niongeze limau?

Jibu: Usiongeze. Ukungu huvumilia uchachu, na limau likizidi huwasha ngozi ya kichwa. Vitamini E nayo huchelewesha mafuta kuvunda tu, haiui bakteria. Mchanganyiko wowote wenye maji unahitaji kihifadhi (kemikali ya kuzuia bakteria na ukungu), na ute mbichi ni chakula kizuri cha vijidudu. Bila kihifadhi, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, na kisichotumika ndani ya siku 3 kimwagwe.

Kujitenga ni kwa sababu maji na mafuta havishikani bila nta maalumu ya kuviunganisha. Nta ya nyuki peke yake haifanyi kazi hiyo.

Ukavu ndio hasa wa kuuelewa. Unywele wa kipilipili umejikunja tangu kwenye kitundu chake, kwa hiyo mafuta ya ngozi hayafiki nchani kwa urahisi, na kila kona ya mkunjo ni sehemu dhaifu ambapo magamba ya nje huinuka. Kinacholainisha unywele ni maji. Mafuta hupunguza kasi ya maji kutoka, basi. Ukipaka juu ya nywele kavu, unafungia ukavu ndani.

Kwa hiyo tenganisha kazi hizo mbili: kulowesha kwa maji, kisha kuzuia yasitoke kwa mafuta. Kwa gramu 100 za maji ya kupulizia, pima kwa mizani (vijiko vitakudanganya): maji yaliyotoneshwa (distilled water) gramu 95, glisirini (kimiminika kinachovuta unyevu) gramu 4, na gramu 1 ya kihifadhi cha fenoksiethanoli kilichochanganywa na ethilheksiliglisirini. Kwa kihifadhi hicho usivuke gramu 1. Osha chupa, isuuze kwa spiriti, iache ikauke. Nywele zikinata wakati wa unyevunyevu wa Pwani, punguza glisirini hadi gramu 2 na uongeze maji gramu 2.

Pulizia fungu kwa fungu mpaka nywele ziwe na unyevu bila kudondosha maji, ndipo upake mafuta: kijiko kimoja cha chai kwa kichwa kizima kinatosha kuanzia. Mafuta ya mbarika ni mazito mno yakiwa peke yake, yanavuta vumbi na kufanya nywele zishikane. Changanya sehemu 1 ya mbarika na 3 za mafuta mepesi. Mafuta ya nazi yana kazi bora zaidi kabla ya kuosha. Asidi ya lauriki iliyomo hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, kwa hiyo yapake usiku wa kuamkia siku ya kuosha.

Alovera usiiache. Simamisha jani dakika 15 utomvu wa njano uchuruzike, maana huwasha, osha ute, saga, chuja kwa kitambaa, paka baada ya shampuu kwa dakika 20, kisha suuza. Usipochuja, vipande vyeupe vitaganda kwenye mikunjo na utadhani ni mba.