Mwanangu, usimlete somo yangu Amu

Kwa mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku Amu, Lamu yetu hii, hatujambo, alhamdulillahi. Babako hajambo, kaskazi imeanza kuvuma na joto nalo limeanza. Hofu ni juu yenu na hiyo baridi ya Leicester, Uingereza.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza tena na tena. Umeniuliza: "Mama, nikuletee binti yangu, somo yako, ukae naye miaka miwili, mpaka mimi nitulie?" Nimeona hili si la kujibu kwa simu huku mtoto analia nyuma yako, ndiyo nikaona nikuandikie.

Jibu langu ni hapana. Usimlete.

Wala usidhani simtaki. Mtoto aliyebeba jina langu, nisimtake? Tangu nisikie swali lako nimeshamlaza kitandani kwangu kwa mawazo, nimeshamsuka nywele, nimeshampeleka chuoni kusoma Kurani na watoto wenzake. Na najua wewe unawaza nini. Huku vichochoro vyetu havipitiki na gari, mtoto hutoka mlangoni peke yake, na kabla hajafika kona ameshatiwa kitumbua mkononi. Mama mkubwa wako yuko Langoni, binamu zako wamejaa Mkomani, kila daka la mlangoni analokaa atapata mtu wa kumfuta kamasi. Kiswahili atakipata bila kufundishwa. Hayo yote ni kweli, na siwezi kukwambia kwamba huko unaweza kumpa.

Lakini unamkumbuka yule jirani wa nyuma aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani? Alimwacha binti yake ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Siku aliporudi tulikwenda gatini kumpokea, boti ikaja kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Akashuka na boksi la mwanasesere, akachutama pale pale juani, mikono ameitandaza. Yule mtoto akajizonga kwenye buibui la bibi yake. Bibi akawa anamsukuma taratibu mgongoni, "Nenda kwa mamako, nenda." Akaenda. Akapokea boksi, akasema, "Ahsante, anti," akarudi kwa bibi yake. Mama mtu akacheka, watu wasione. Mimi nilikuwa karibu naye, niliona kidevu kinavyotetema.

Leo wanaishi nyumba moja na wanapendana sana, lakini yule binti akipandwa na homa humwita bibi. Simlaumu jirani yetu hata kidogo. Mume alikuwa hayuko, watoto walitaka kula, na njia nyingine hakuwa nayo. Wewe njia unayo, mwanangu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Tuhesabu pamoja. Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba serikali ya huko inawalipia wazazi wanaofanya kazi saa 30 za chekechea kwa wiki, na kwamba nyinyi hamzipati kwa ajili ya aina ya viza zenu. Nimelielewa hilo. Ila saa 15 za watoto wa miaka 3 na 4 ni za kila mtoto, viza ya mzazi haiulizwi. Somo yangu anatimiza mitatu Februari, kwa hiyo nafasi yake inaanza muhula wa baada ya tarehe 1 Aprili. Saa hizo ni za wiki 38 kwa mwaka, wakati wa likizo hazipo, lakini ni asubuhi tano za kupumua. Kamwandikishe wiki hii, usingoje Machi kila mzazi awe mlangoni. Ukiniambia miaka miwili, mimi naona miezi ya kutoka sasa mpaka Aprili, na miezi hiyo ndiyo ya kuitafutia dawa.

Dawa yenyewe ni kwamba nitakuja mimi.

Nimeshazungumza na babako, kaniambia, "Nenda, mimi chakula sitakosa Amu hii." Viza ya matembezi huruhusu kukaa hadi miezi 6 na hairuhusu kufanya kazi, nami sitafuti kazi, nakuja kukaa na wanangu na wajukuu. Nitavuka kwa boti mpaka Mokowe, nishike basi la Mombasa, kutoka hapo Nairobi nikatoe alama za vidole. Nikija Januari, Ramadhani itanikuta kwenu, na futari ya mwaka huu itakuwa na mtu wa kuipika wewe ukitoka kazini. Magoti yangu yataniuma kwenye ngazi zenu, lakini hata ngazi za nyumba yetu hii ya mawe huniuma.

Kuna na jambo jingine ambalo hukulisema, nami nimelipigia hesabu. Ukimleta huyu mdogo, kaka yake atabaki na nani? Umenitumia picha wamelala, mguu wa mmoja uko juu ya tumbo la mwenzake. Kijana wa miaka mitano ambaye darasani hana wa kusema naye Kiswahili, nyumbani ana dada yake. Usimwondolee.

Sasa haya ya kuanzia leo mpaka nifike. Umesema mkwe wangu anatoka ghalani saa mbili asubuhi nawe unatakiwa kwa wale wazee unaowatunza saa moja na nusu, na hiyo nusu saa katikati mtoto anakaa kwa jirani Msomali. Mama huyo mshike. Hataki pesa, umesema, basi Ijumaa mpelekee sahani. Ndivyo tulivyolea huku, sahani ilikwenda na mtoto akarudi nayo, na hakuna aliyehesabu nani kamwangalia mtoto wa nani. Jua Desemba linakuzamieni kabla hata ya saa kumi jioni, basi usipambane na giza. Waogeshe mapema, wavae nguo za kulalia, wale wakiwa tayari. Pika wali na mchuzi Jumapili wa siku tatu, uweke kwenye friji. Mahamri na mbaazi acha, nitakuja kuyapika mimi. Na yale matone ya vitamini D aliyokuandikia nesi mpe mdogo kila siku, maana ngozi zetu zimezoea jua la huku na huko halipo.

Saa kumi na mbili ya jioni yenu kwangu ni saa tatu usiku, nimeshasali isha na sina kazi. Kila siku saa hiyo niwekee simu juu ya meza, uiegemeze kwenye kikombe, nawe uende jikoni au ukalale. Mimi nitawaambia "Paukwa!" na wao wataitika. Abunuwasi ninaye wa kunitosha mpaka Januari. Kijana akinijibu kwa Kiingereza sitamkemea, nitaendelea na hadithi, maana akitaka kujua punda wa Abunuwasi kafanywa nini, atauliza kwa maneno ninayoyaelewa.

Limebaki moja, nalo ndilo lililoniondolea usingizi. Ulisema unafungua mfereji wa maji bafuni ili wasikusikie ukilia. Ulilipitisha haraka, ukaendelea na habari za shule, ukadhani sikulishika. Mamangu, hilo kamwambie daktari wako, kama lilivyo, na mfereji umtajie. Na mumeo naye umwambie, hata kama anarudi amechoka. Mimi nilipokuzaa, mama yangu alikuwa chumba cha pili, na nilipolia usiku aliingia bila kubisha hodi, akamchukua mtoto, akaniambia lala. Wewe umezaa mara mbili huko bila mtu wa kuingia. Usijilinganishe nami ukajiona dhaifu. Kazi niliyofanya mimi ilikuwa ya wanawake wengi, na wewe unaifanya kwa mikono miwili baada ya kuwainua wazee wa watu kutwa nzima.

Nitumie barua ya mwaliko, nakala za viza zenu na karatasi za mshahara wa mkwe wangu, nipate kujaza fomu kabla mwezi haujaisha. Kijana mchoree nyayo zake kwenye karatasi uipige picha, nimtafutie makubadhi. Nisalimie mkwe wangu, umwambie nimesharidhiwa na babako, asije akasema hapana kwa kuona haya.

Leo saa tatu ya huku nitapiga mimi, wewe usipige.

Mamako,
Amu