Lala ndani ya Hiace yako kwanza, ndipo umwite fundi

Usiku wa kwanza tuliolala garini ulikuwa wa mwezi wa sita, kando ya ziwa Tshangalele, upande wa Mwadingusha, huku kwetu Katanga, Kongo. Hiace yetu, ambayo tulitaka kuigeuza gari la kulala safarini, ilikuwa tupu. Tulikuwa tumetoa viti vya nyuma, tukatandika godoro sakafuni na kupanga vyombo vya kupikia ndani ya beseni. Saa tisa za usiku baridi ilitupenya mpaka mifupani. Tukifunga madirisha, mvuke wa pumzi zetu unatiririka kwenye vioo na kudondokea blanketi; tukiyafungua, mbu wanaingia. Mtoto mdogo akaomba maji, na bidoni, lile dumu la maji, lilikuwa chini ya mizigo yote. Kulipokucha, mke wangu alichana ukurasa wa daftari la shule, akaandika kila kilichotusumbua, kikubwa kikitangulia.

Ukurasa ule ndio uliojenga gari letu. Kabla ya safari nilikuwa nikiota sinki, televisheni na inveta kubwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa. Kilichoandikwa ni baridi, mbu, maji, vumbi, giza na choo. Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, namjibu hivi: chukua godoro, toka Lubumbashi kilomita mia moja, lala usiku mmoja, urudi na ukurasa wako. Fundi usimwite kabla ya hapo, maana atakujengea usiku wake yeye.

Hata hivyo, nilipoanza kazi nilikosea palepale kwenye mbao. Seremala mmoja wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, hodari kweli wa mikono, alinitengenezea kitanda na makabati ya mukula. Mbao nyekundu, nzuri, kila aliyechungulia ndani aliisifu. Nilipopitisha gari kwenye mizani ya malori, limeongezeka karibu kilo mia mbili, na hapo hatujapakia watu, maji wala chakula. Katika safari ya Kasenga gari lilikaa kitako nyuma, taa zikawa zinamulika miti badala ya barabara, na tairi moja ya nyuma likapasuka. Nilirudi nikabomoa kila kitu. Sasa kitanda ni tripleksi (plywood) ya milimita 12 juu ya fremu ya bomba jembamba la chuma la mraba, makabati ni ya milimita 9, na milango ya makabati ni pazia la kitambaa kizito. Nilisikitikia kazi ya yule muzee, na nilimlipa yote, lakini mbao zile mahali pake ni sebuleni.

Watakuambia uongeze bamba kwenye resori (springi) za nyuma. Mimi niliongeza moja, na inasaidia gari lisikae kitako. Lakini jua kwamba ekseli ni ileile, breki ni zilezile, tairi ni zilezile. Bamba jipya halilipi gari ruhusa ya kubeba zaidi. Punguza uzito kwanza, ongeza bamba baadaye. Na tairi zenyewe zisiwe za gari dogo kwa sababu tu zinaingia kwenye rimu: Hiace nyingi zinavaa 195 R15 yenye herufi C mwishoni, na ile C ndiyo inayosema tairi limetengenezwa kwa mzigo. Tunabeba spea mbili na pampu ndogo ya volti 12. Kwado, yaani mziba tairi, utampata Likasi. Ukishaacha lami kuelekea Kundelungu, kwado ni wewe mwenyewe.

Sasa nizungumzie jambo ambalo sijaona mtu akilieleza, nalo linatuhusu sisi hasa. Hiace nyingi za hapa zilitengenezwa kwa ajili ya Japani: usukani uko kulia, mlango wa kusukuma uko kushoto. Huko wanapita kushoto, kwa hiyo abiria anashukia kando ya barabara. Sisi Kongo tunapita kulia, maana yake mlango ule unafungukia katikati ya barabara, kwenye malori ya madini ya njia ya Kolwezi. Watoto wangu wana sheria moja: hakuna anayegusa mlango mpaka mtu mzima ashuke na kuufungua kwa nje. Na tukifika pa kulala nageuza gari, ili mlango, jiko na turubai vyote viwe upande wa porini.

Taa nazo zina kasoro hiyohiyo. Taa za gari la Japani, hata zikiwa chini, mwanga wake umepindishwa kupanda kidogo upande wa kushoto, ili uonyeshe ukingo wa barabara ya kwao. Kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Unamchoma macho huku wewe unaamini umeshusha taa. Kushusha kioo chote kwa bisibisi hakuponyi, kunakupunguzia tu umbali wa kuona. Nilibadilisha taa zote mbili nikaweka za magari yanayopita kulia, kisha zikapangwa upya ukutani gari likiwa na mzigo wake kamili. Kati ya yote niliyoyafanya, hili ndilo ambalo ningelifanya kwanza kama ningeanza upya. Bado sisafiri usiku kwa hiari, lakini jioni inaponikuta kabla ya Likasi, wale wanaokuja mbele hawaniwashii tena taa kwa hasira.

Vumbi tuliliondoa karibu bure. Vumbi jekundu la kiangazi halipiti mbele, linanyonywa kutoka nyuma. Gari linapokimbia linaacha nafasi yenye hewa haba mgongoni mwake, na vumbi la magurudumu linajaa pale. Ukifungua dirisha la nyuma hata upana wa kidole, linaingia lote. Funga madirisha yote ya nyuma, badilisha raba za mlango wa nyuma kama zimekauka, kisha washa feni ya dashibodi ikivuta hewa ya nje kutoka mbele. Hewa ikijaa ndani inasukuma kutoka, na vumbi linabaki nje. Tulifika Kasenga mara ya pili tukiwa na shuka nyeupe.

Umeme ndio ulionichosha na kunifundisha zaidi. Betri ya pili ni lazima, na itenganishwe na ile inayowasha injini. Betri ya kuwashia ina bamba nyembamba ndani, imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiitumia usiku kucha na kuimaliza, baada ya mara chache inakufa. Mimi nilianza na betri ya asidi ya Ah (ampea-saa) 100, ile ya kutumiwa taratibu. Hesabu yake ni kama wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu unatumia nusu, yaani 600. Friji yetu ndogo ya compresa inakula kama 400 kwa siku. Feni, taa za LED na simu zinakula 200 hivi. Umeona: tuko ukingoni kila asubuhi.

Na kabla ya kufika ukingoni, friji ilikuwa ikijizima yenyewe saa nne za usiku. Nilinunua betri nyingine. Ikajizima tena. Kijana mmoja fundi wa umeme pale karibu na soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, aliingia chini ya kitanda na kipimo chake, akatoka baada ya dakika tano: “Muzee, batri iko muzuri. Ni waya njo iko mwembamba.” Nilikuwa nimevuta waya wa milimita mraba 1.5 kwa mita sita, sawa na zile za taa za nyumbani. Friji inapovuta ampea tano, waya huo unapoteza karibu volti 0.7 njiani, kwenda na kurudi. Nyumbani kwenye volti 220 hutaona tofauti yoyote. Kwenye volti 12, friji inasoma 11.5, inaamini betri imeisha, inajilinda kwa kujizima. Tulivuta waya wa milimita mraba 6, upotevu ukashuka chini ya volti 0.2, na friji haijazima hadi leo. Pesa za ile betri ya ziada zingenunua waya wa magari kumi.

Kila waya unaotoka kwenye chanya ya betri uwe na fyuzi yake, na fyuzi ikae karibu na betri, si mwisho wa waya. Kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kikichubuka kwenye bati, moto unaanzia hapo. Pitisha waya kwenye mpira kila unapotoboa bati.

Mwaka jana nilihamia betri ya lithiamu ya LiFePO4, Ah 100 pia. Ni ghali, sifichi. Lakini natumia karibu yote badala ya nusu, na uzito wake ni kama kilo 12 mahali pa kilo 28. Mambo mawili tu ya kuangalia: kidhibiti cha sola kiwe na mpangilio wa lithiamu, na usiiunge moja kwa moja na alteneta ya gari, ile inayochaji betri injini ikiwaka, kwa sababu inavuta umeme kwa pupa mpaka alteneta inaungua. Katikati kunawekwa chaja inayotoka volti 12 kwenda volti 12, yangu haipitishi zaidi ya ampea 20.

Juu ya paa kuna paneli ya wati 200. Mwezi wa sita na wa saba, anga ya Katanga ikiwa haina wingu, inanipa wati-saa 700 kwa siku, ambazo zinatosha matumizi yetu. Lakini jua la miezi hiyo liko kaskazini, na paneli iliyolala bapa inakosa sehemu yake. Nimeifunga kwa bawaba upande mmoja, nikiegesha naiinua ielekee kaskazini. Acha nafasi ya vidole vitatu chini yake hewa ipite, kwani paneli ikipata joto inatoa kidogo. Na uifute kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji. Faida ambayo sikuitarajia iko nyumbani: umeme wa mtaa ukikatika, watoto wanasomea garini, na simu za majirani wawili watatu zinachajiwa humo.

Kuta nilizivisha sponji nyeusi ya raba, ile wanayovika mabomba ya viyoyozi, kwa sababu hainyonyi maji. Sponji ya godoro usiiweke kamwe nyuma ya mbao. Inakunywa mvuke wa usiku na bati linaoza bila wewe kuona. Madirisha mawili yanayotazamana yanafunguka kidogo usiku kucha, yakiwa na neti iliyoshonewa sumaku pembeni. Mke wangu alizishona yeye mwenyewe. Baridi imepungua, vioo havitiririki, mbu wako nje.

Maji: bidoni nne za lita 20, basi. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo kilo 80 hizo zinakaa chini kabisa, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kamwe si juu ya paa. Tenki la kufungwa moja kwa moja sikulitaka kwa kuwa bidoni unaweza kulibeba mpaka bombani, kulisugua na kulianika juani. Pampu ni ya mguu, haina umeme wa kuharibika. Maji ya kunywa tunayatoa nyumbani. Yakiisha tunachemsha, hasa huku Luapula na ziwa Moero ambako kipindupindu si hadithi.

Baridi ya mwezi wa sita inamshawishi mtu kuingiza mbabula, jiko la makala (makaa), ndani ya gari, makala yakiwa yameshakolea na moshi umeisha. Nakusihi, usifanye hivyo, hata dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Makala yasiyo na moshi yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi inayomuua mtu usingizini. Mbabula yetu inabaki nje, bukari (ugali) unapikwa nje, na joto la ndani ni blanketi na chupa za maji moto miguuni. Nimefunga pia king'ora kidogo cha betri kinachogundua hewa hiyo, kimo usawa wa mto wa kulalia. Anayetumia gesi akumbuke kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inazama sakafuni. Kabati la mtungi liwe na tundu chini linalotokea nje ya gari, na viungo vyote vipimwe kwa povu la sabuni kila safari.

Ukurasa wa daftari nimeubandika ndani ya mlango wa nyuma. Mistari yote imekatwa kwa kalamu isipokuwa mmoja: choo. Kwa sasa tunatumia jembe dogo, shimo la kina cha kiganja na kidole, hatua mia kutoka ukingo wa maji. Kwa mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, hilo halifai, naye ameshaomba kuyaona maporomoko ya Lofoi maji yake yakiwa mengi, mvua zikikolea. Kwa hiyo kabla ya mwezi wa kumi natengeneza kiti cha tripleksi juu ya ndoo yenye mfuniko, na gunia la maranda ya mbao pembeni la kufunikia. Seremala ni yuleyule wa Katuba. Safari hii nimempa mizani mkononi pamoja na vipimo: kisizidi kilo sita.